Mabehewa Manne ya Baba Mkwe

Jumatatu, 3 Juni

Balaa limeingia pamoja na chai ya asubuhi. Baba Mkwe ametangaza kwamba anahama! Jumapili shemeji, kaka mkubwa wa mke wangu, anakuja na gari kumchukua akaishi kwake, mji wa mbali, safari ya kutwa nzima. Sababu? Eti amechoka kukaa hapa kama mzigo uliosahauliwa stesheni. Maneno yake hayo. Kisha akaomba sukari.

Mke wangu akaenda jikoni kuosha sahani zilizokuwa safi. Nikamfuata. Alikuwa analia kimyakimya huku anasugua. Anasema kule kwa kaka yake watu wote wanatoka asubuhi na mapema, mzee atabaki anatazamana na ukuta, na tangu Mama afariki hajawa mtu wa kuachwa atazamane na ukuta. Nikamwahidi: Baba haendi popote. Niachie mimi. Akajibu kwamba maneno hayohayo niliyasema kuhusu tangi la maji.

Tangi la maji ni habari nyingine. Na paa lilishatengenezwa.

Niseme ukweli, maana humu hasomi mtu. Hata mimi sitaki aende. Baba yangu mzazi sikumjua. Nilipooa, nilifurahi kupata mke, lakini nilifurahi pia kimoyomoyo kwamba sasa nami nina baba. Lo! Miaka yote hii ananiita "bwana", kama mtu anayeulizia njia. Hagombani nami, hanitanii, haniulizi lolote. Na bado akikohoa chumbani mwake mimi ndiye wa kwanza kusimama.

Mpango! Baba Mkwe aliendesha treni za mizigo mpaka akastaafu. Mimi ugonjwa wangu ni treni ndogo za mfano, zile za kuzunguka mezani kwenye reli zake. Nazinunua zikiwa hoi, nazifufua. (Kazi yangu halisi ni kuandika vibao vya maduka, lakini kazi halisi ni ya kulia ugali tu.) Nitamtengenezea injini yake mwenyewe, ileile aliyoiendesha: ya kijani, mstari wa njano, namba ubavuni. Akiiona tu, kwisha! Habari za kuhama zitamtoka kichwani. Sijui kwa nini sikulifikiria hili zamani. Akili ninayo, tatizo ni kuitumia.

Jumanne, 4 Juni

Asubuhi kwa Muuza Makorokoro. Kibandani kwake unapata kila kitu kilichowashinda watu. Nimepekua mpaka chafya zikanishika. Na nimeipata! Injini ya umbo lilelile, na mabehewa manne ya mizigo, vyote vimefungwa pamoja kwa kamba ya viatu.

Hali ya mgonjwa: mahututi. Kuna mtoto aliipaka rangi ya kucha, ya pinki, matabaka mawili. Gurudumu moja halipo. Dirisha la dereva limezibwa na kitu ambacho naomba Mungu kiwe chingamu.

Na nani kasimama pale, lenzi jichoni? Fundi Saa! Adui yangu mkubwa katika mambo ya treni. Ana reli inayozunguka duka lake lote, na mteja akiingia lazima kwanza aisifie treni ndipo aruhusiwe kusema saa yake ina ugonjwa gani. Alikuwa ameshainyooshea mkono injini yangu! Nikafikiri haraka. Nikamwambia kwa sauti ya huruma, fundi kwa fundi, asijisumbue, mota yake imeungua, mimi nimeshainusa. Akarudisha mkono. Akanishukuru. Nikalipa chapuchapu, nikaondoka nacheka peke yangu njiani mpaka watu wakanipisha.

Jioni. Nimeifungua.

Mota imeungua.

Jumatano, 5 Juni

Kazi inafanyika stoo, mlango umefungwa. Baba Mkwe asijue chochote. Pinki imetoka yote kwa dawa ya mke wangu ya kuondolea rangi ya kucha. Chupa nayo imetoka yote. Gurudumu nimelitoa kwenye behewa moja bovu nililokuwa nalo tangu zamani. Linaingia vizuri, ila linapiga chafya likizunguka. Nimelipiga msasa likanyamaza.

Mota ndiyo kazi. Nimechungulia huku na huku nyumbani, nikakumbuka kifeni cha mkononi cha mke wangu, kile cha betri. Mota saizi yake kabisa! Nikaipachika, nikaunga nyaya, nikawasha. Injini ikaondoka kinyumenyume kwa mwendo ambao sijawahi kuuona katika chombo chochote cha reli, ikavuka rafu, ikaruka, ikatua kwenye ndoo ya bati.

Baba Mkwe akauliza kutoka ukumbini kulikoni. Nikasema natengeneza pasi. Akasema pasi anayo binti yake, anamwona anapiga pasi nguo. Nikasema pasi nyingine. Akasema, sawa, bwana.

Mke wangu anatafuta kifeni chake. Namsaidia kutafuta.

Alhamisi, 6 Juni

Nimejikaza kisabuni, nimekwenda kwa Fundi Saa. Mota za namna ile anazo yeye tu. Nimeanza na hali ya hewa, nikaja kwenye afya ya mama yake, nikaingia kwenye mota kwa mbali. Hakunisaidia hata kidogo. Alikaa tu anapuliza vumbi kwenye saa ya mtu. Mwishowe akauliza, kwa upole wa kuudhi, kwani ile niliyoinusa ilikuwaje.

Nikakiri. Fedheha! Akacheka mpaka lenzi ikamdondoka jichoni.

Masharti yake: kwanza nimwandikie kibao kipya cha duka, bure, herufi za kivuli. Pili niseme mbele ya wateja wake kwamba treni yake inaishinda yangu. Nikasema harakaharaka, uso umeelekea ukutani. Akaniambia mama mmoja pale kwenye benchi hakusikia vizuri, nirudie. Nikarudia. Mama yule akasema yeye amekuja kubadilisha mkanda tu.

Nilikuwa natoka nimevimba kwa hasira, akaniita, akauliza injini yenyewe ya nani hasa, maana hajaniona nikinyenyekea hivi kwa ajili ya mali yangu. Nikamweleza: Baba Mkwe, Jumapili, shemeji, gari. Akaingia ndani, akatoka na mota, na kichupa cha mafuta mepesi ya saa ambayo huwa hampi hata ndugu yake. Nikamshukuru. Bado ni adui yangu, lakini adui mwenye moyo.

Injini inatembea! Mbele, nyuma, taratibu, kama mtu mzima anayetoka msikitini au kanisani hana haraka. Nimekaa kwenye ndoo ya bati naitazama na machozi yananitoka. Sioni haya kuyaandika.

Ijumaa, 7 Juni

Rangi! Hapa ndipo kwangu. Kijani tabaka la kwanza, tabaka la pili, nimekausha kwa mashine ya nywele ya mke wangu. Mstari wa njano kwa brashi yenye unywele mmoja. Namba nimemuuliza mke wangu, akaisema bila kufikiri, kumbe walikuwa wakiiimba utotoni wakiisubiri treni ipite nyuma ya nyumba. Nimeiandika ubavuni, herufi safi, hata mchwa angesoma.

Ikatoka inang'aa. Inang'aa mno! Ikawa kama pipi. Hapo akili yangu ikafanya kazi ya ziada. Injini ya kweli ya mizigo haing'ai, inafanya kazi. Sisi mafundi wa treni za mfano tunalijua hilo, na tunao ufundi wetu wa siku ya mwisho: tunaichafua. Nimesaga mkaa nikaupaka juu karibu na bomba la moshi. Kutu nimeipata kwa kusaga tofali. Michirizi ya mafuta ubavuni. Tope kwenye magurudumu, tope halisi, la uani. Kila doa nimelifikiria. Kutwa nzima! Kisha nikaipulizia vanishi ya kufifisha mng'ao, ili kila kitu kishike. Sijawahi kufanya uchafu mzuri kama huu.

Mke wangu akachungulia. Akauliza nimesafisha siku zote zile ili nije nichafue leo? Nikamwambia ni sanaa. Akasema kama ni hivyo basi yeye amekuwa akiziharibu sanaa zangu kila Jumamosi kwenye beseni.

Kesho ndiyo kesho. Begi la Baba Mkwe liko tayari chini ya kitanda. Nimeliona mlango ulipoachwa wazi. Limenichoma moyo.

Jumamosi, 8 Juni

Siku ya aibu. Subiri, niandike kwa mpangilio.

Baada ya chai nimeileta sebuleni juu ya sinia, imefunikwa kitambaa. Mke wangu amesimama mlangoni, mikono kifuani. Nimefunua. Baba Mkwe akavaa miwani. Akainama. Akaitazama mbele, akaitazama nyuma, akasoma namba. Midomo ikamtetemeka kidogo. Nikajisemea, tayari!

Akauliza ni nani aliyeruhusu injini itoke stesheni ikiwa katika hali hii.

Nikadhani anatania. Hakuwa anatania. Akauliza tena, sauti ya chini, kwamba ndivyo watu walivyomfikiria? Kwamba alikuwa dereva wa kutembea na tope? Akavua miwani, akaenda chumbani, akafunga mlango. Hakuubamiza. Afadhali angeubamiza.

Nimetoka nyumbani bila hata kofia. Nimetembea mpaka kwa Fundi Saa, nikapanda ngazi nikapaka kibao chake rangi ya chini. Na yeye hakunicheka, jambo ambalo lilinitisha zaidi. Nilikuwa najiona mjinga kuliko wajinga wote. Nilitaka kumpa mzee heshima, nimempa matope.

Nimerudi alasiri. Mke wangu akaniwekea kidole mdomoni, akanisukuma sebuleni.

Baba Mkwe amekaa mezani. Chupa yangu ya spiriti imefunguliwa. Injini iko mkononi mwake kama kifaranga. Anasugua! Mkaa wangu! Kutu yangu! Michirizi yangu ya mafuta, kazi ya kutwa nzima, yote inaingia kwenye kitambaa! Moyo wa fundi ndani yangu ulipiga yowe. Nikafyata ulimi.

Bila kunitazama akaanza kusema. Nayaandika kama nilivyoyasikia. Kwamba katika maisha yake hajatoa injini chafu hata siku moja. Kwamba makarani walimcheka, hata wenzake walimcheka, maana treni ya mizigo nani anaitazama? Kwamba marehemu mke wake alikuwa akikata mashati yake yaliyochakaa, anapinda kingo kwa sindano, na kila alfajiri anamtilia kipande kimoja kwenye mfuko wa chakula. Akifika kazini kabla ya kupanda anafuta namba. Namba tu, ikiwa hana muda wa zaidi. Kwa sababu reli ilipita nyuma ya nyumba yao, na mke wake alikuwa akitoka na watoto kuitazama, naye mzee alitaka wakiiona namba wajue ni yeye.

Nikatazama kitambaa. Kipande cha shati la bluu, kimepindwa kingo. Alikuwa amekitoa kwenye begi.

Nikasema tu pole, Baba. Akaitikia. Akasugua. Machozi yalikuwa yanamtiririka na hayafuti, mikono ilikuwa na kazi. Kisha akaniambia nishike hapa, na hapa, nisitikise. Nikashika. Tumekaa hivyo mpaka ikawaka kijani.

Halafu akaiinua dirishani, akafumba jicho moja, akasema: mwanangu, mstari wako umepinda.

Mwanangu! Nimeenda bafuni nikafungulia bomba ili wasinisikie.

Jumapili, 9 Juni

Shemeji amefika kabla ya chakula cha mchana, honi tangu kona ya mtaa. Mtu mzuri, shemeji, ila anapenda mambo yaende. Akauliza begi liko wapi.

Baba Mkwe hakuinuka mezani. Alikuwa na lile behewa la kwanza, analinyoosha kulabu kwa koleo langu dogo. Akamwambia mwanawe kwamba safari haipo. Shemeji akauliza haipo vipi, amekesha barabarani. Mzee akaeleza kwa utaratibu, kama anayesoma kanuni za kazi: injini ipo, lakini injini bila mabehewa si treni, ni mtu anayepunga upepo. Mabehewa manne, yote mabovu. Hawezi kuacha kazi katikati. Mabehewa yakiisha, aje amchukue.

Shemeji akayatazama mabehewa. Akanitazama mimi. Akasema kwa macho yake haya ni ya wiki moja. Mzee akasema itategemea.

Tumekula wote. Shemeji ameondoka na mkungu wa ndizi badala ya baba. Mke wangu alipokuwa anafagia sebule akapita nyuma yangu, akaniwekea mkono shingoni, akauacha pale. Hakusema kitu kuhusu tangi la maji.

Jumanne, 11 Juni

Hatari! Mzee anafanya kazi kama mashine. Behewa la kwanza limekwisha jana. La pili linakwisha leo. Mimi napiga msasa, yeye anapiga rangi, na tukishirikiana hivi mkono wetu mwepesi kupita kiasi. Nimepiga hesabu kichwani: kwa mwendo huu Ijumaa mabehewa yote tayari, na shemeji anarudi na honi yake.

Na siku zenyewe ndizo hizi tamu! Ananifundisha honi za zamani, ipi ya kuondoka, ipi ya kuomba njia. Anazipiga kwa mdomo. Jana alicheka. Mke wangu alitoka jikoni na mwiko mkononi kuhakikisha ni yeye.

Nifanye nini? Kumwambia tu kwamba nataka abaki? Siwezi. Ulimi unakuwa mzito, naanza kuzungumzia gundi.

Kwa hiyo, mpango! Alipoingia kuoga nimenyakua behewa la kwanza nikaling'oa kulabu. Kwa upole. Likarudi mahali pake, mimi nikarudi kwenye msasa, uso mkavu. Alipotoka akaliona. Akasema hm. Akaanza kulitengeneza upya.

Siku moja imepatikana.

Alhamisi, 13 Juni

Nimelegeza magurudumu ya behewa la pili wakati anapumzika. Amesema hm. Akasema gundi za siku hizi si gundi. Nikaunga mkono kwa nguvu zote, nikazilaani gundi na waliozitengeneza.

Mke wangu ananitazama kwa jicho fulani. Sijui amepata wapi habari. Akasema kwa nini nisimwambie tu baba yake akae. Nikasema mambo haya yanataka akili, si maneno. Akasema sawa, mume wangu, akaenda zake anatikisa kichwa.

Jumapili, 16 Juni

Jambo la ajabu limetokea. Nimechanganyikiwa.

Asubuhi nimeingia sebuleni kabla ya wote ili nilegeze paa la behewa la tatu, maana jana tulilimaliza na shemeji amepiga simu kuuliza. Nikakuta limeshang'oka! Paa huku, mlango kule, magurudumu yote yametolewa na kupangwa vizuri juu ya gazeti. Na behewa la nne, ambalo lilikuwa limebaki vanishi tu, halina kulabu hata moja! Mimi sikuyagusa. Naapa sikuyagusa!

Kuna mtu anatuhujumu.

Nimemwita Baba aje aone. Alikuwa ameshaamka, tena amevaa, ananywa maji dirishani na kupiga honi ya kuomba njia. Akaja, akavaa miwani, akatazama kwa muda mrefu. Hm. Akasema hii si kazi ya siku moja. Akasema hata mwezi utakuwa mfinyu. Akanituma nimpigie shemeji nimweleze hali halisi, asije akapoteza mafuta ya gari. Masikini mzee, alivyolipokea kiume! Hata rangi ya uso haikubadilika.

Nimemweleza shuku zangu. Fundi Saa alikuja jana kunywa chai na akayashika mabehewa kwa jicho la wivu. Baba akasema hawezi kumsingizia mtu, lakini dunia ina mengi. Nikamwomba tuwe macho. Akasema atakuwa macho. Nikamuuliza kama ameliona koleo langu dogo, akajipapasa, akalikuta kwenye mfuko wa shati lake. Labda alilibeba bila kujua, uzee huo.

Mke wangu alikuwa anasikiliza mlangoni. Akashikwa na kicheko mpaka akakaa chini sakafuni, akafuta macho kwa kanga. Nimemwambia si jambo la kuchekesha, tumeingiliwa. Akazidi.

Lakini mimi si wa kuchezewa. Nimeyafungia mabehewa yote manne ndani ya kabati, kufuli kubwa, ufunguo mmoja tu. Nami sitakaa nao mimi, maana adui akija atanianza mimi. Nimempa Baba. Katika nyumba hii yeye ndiye pekee asiyejua hila. Ameupokea kwa mikono miwili, akautia mfukoni pamoja na koleo, akanipigapiga begani na kuniambia, lala salama, mwanangu, mabehewa haya yako mikononi mwangu.